Mpimaji Hapaswi Kujua

Mguu mmoja, Bi. Bosibori. Wa kushoto.
Kidole kimoja tu ukutani, si kiganja,
nami nashika saa.
Sekunde ya nne, midomo inakaza.
Ya tisa, anatamka neno la Ekegusii, siulizi maana.
Ya kumi na moja, mguu wa pili umegusa sakafu.
Naandika: kumi na moja.
Naandika: maumivu, saba kwa kumi.
"Saba ya mchana," ananirekebisha.
"Ya usiku haina namba hapo."

Baridi ya Julai imeingia hadi kwenye mafaili.
Tuko ghorofa ya pili, Barabara ya Ngong,
lifti imelala tangu Mei,
kwa hiyo kila mwenye nyonga mbovu hutufikia
akiwa ameshapimwa na ngazi.

Nabonyeza pale mfupa wa paja unapochomoza kando,
pale kano hushikilia kama uzi wa kifungo.
Anaruka. Hapo. Hapo hapo.
Miaka mitatu watu wamempa majina ya hapo:
baridi yabisi, figo, umri, jirani.
Hakuna aliyemwuliza husimamaje.

Husimama hivi: Kariobangi, meza ya pasi,
sare za shule tatu, kola baada ya kola,
uzito wote ameutupa kushoto
kama mtu aliyeegemea lango lake mwenyewe.
Nyonga hiyo ilibeba watoto wanne
na sasa mjukuu, kilo tisa, hataki kushushwa.
Mwili ulijifanya kiti, watu wakakalia.

Swali la sita, kwenye fomu tuliyoitafsiri
wiki tatu nzima tukigombania kitenzi:
Je, unaweza kulalia upande unaouma?
Anacheka, kifupi.
"Nikiulalia huo natazama ukuta.
Nikilalia huu mzima namtazama Ombati.
Na Ombati na mimi hatujasemezana tangu Pasaka."
Visanduku ni viwili.
Naweka alama kwenye *siwezi*.

Kisha bahasha. Haifunguliwi na mimi,
huifungua Wanza, chumba cha pili, mlango ukiwa umefungwa.
Ndani mna moja kati ya matatu:
sindano, mazoezi,
au kungoja, ambako nako tumekupa ratiba.
Mpimaji hapaswi kujua.
Jicho linalojua huona linachotumaini,
na kidole kwenye saa huchelewa nusu sekunde
kwa huruma.

Oktoba. Maua ya jakaranda yameganda chini ya kiatu chake.
Amepanda ngazi, sikusikia akipumzika.
Anafungua mdomo. "Usiniambie," nasema,
"ukiniambia nimekupoteza."
Anaufumba kama mtoto mwenye peremende.
Lakini mwili haujui kutunza siri:
anaketi, wala hakunji nne.
Najifanya kutazama dirisha.

Mguu mmoja. Kidole ukutani.
Kumi na moja inapita bila kuaga.
Ishirini. Umeme unapotea, jenereta ya chini inakohoa.
Thelathini, nimesema basi,
naye bado amesimama.

Swali la sita.
"Naweza." Naweka alama.
"Lakini siulalii."
Kalamu inangoja.
"Wiki hizo zote nimemtazama bila kupenda,
mimi na ule mto wangu katikati ya magoti…"
Anaziba mdomo kwa mkono. Tumechelewa, sote wawili.
"Usiku mmoja wa Agosti akaniuliza, bado inauma?
Tukaongea mpaka maji ya bomba yakarudi, saa kumi.
Sasa huko ukutani nifuate nini?"

Jioni najaza fomu ya hitilafu:
mshiriki wa arobaini na moja, ametaja mto.
Mpimaji amekisia kundi.
Sehemu ya maoni ina mstari mmoja,
nao mashine ya fotokopi imeula nusu.
Naandika nikiwa nimesimama kando yake,
kiwiko juu ya kifuniko,
uzito wote kushoto.